Bomu Kwenye Buti

Mwaka 1958, Orson Welles alifungua filamu yake Touch of Evil kwa mkono unaotega bomu la saa, kisha likatiwa kwenye buti la gari. Kamera ikalifuata gari hilo zaidi ya dakika tatu bila kukata, mbuzi wakikatiza njia, wapenzi wakitembea, hadi mpakani mwa Mexico na Marekani. Abiria analalamika kwamba kichwa chake kinalia tik-tik. Afisa wa mpaka, mtu wa makaratasi, anawaachia wapite. Sisi tunajua, wao hawajui. Basi wakubwa wa studio ya Universal, kwa hekima yao, wakajaza majina ya waigizaji juu ya picha, na muziki wa kuziba masikio. Welles akawaandikia kurasa 58. Walimsikiliza mwaka 1998. Alikuwa amekwisha fariki mwaka 1985.