Usiachie Mpaka Nirudi

Gari lililokatika breki kabisa halina washauri. Watu wanakimbia tu. Ni breki nusunusu, zile za kubembelezwa ndipo zishike, zinazomfanya kila mwenye mdomo kuwa fundi. Muuza maziwa aliniambia tatizo ni masta silinda. Konda wa Hiace akasema ni upepo. Mzee mmoja wa kanisa, aliyewahi kuendesha trekta la ushirika, alilizunguka gari langu, akalipiga tairi teke, akatamka kwamba Waingereza hawakuliwekea breki, waliliwekea matumaini.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile 109 ndefu, toleo lililoanza mwaka 1971. Nimeachiwa na baba mdogo. Bodi ni ya alumini, haishiki kutu, ndiyo maana halifi. Fremu ya chini ni ya chuma, na hiyo tusiizungumzie. Tunakaa Kibosho, juu mlimani. Soko, benki na ofisi zote ziko Moshi mjini, chini. Kwa hiyo kwenda hakuhitaji injini na kurudi hakuhitaji breki, na hesabu hiyo ilitutosha kwa muda mrefu.

Ukikanyaga mara ya kwanza, pedali inazama hadi sakafuni. Mara ya pili inakutana na kitu. Mara ya tatu gari linaanza kukusikiliza. Ukitaka kusimama dukani kwa Mangi, unaanza maandalizi tangu kwenye kona ya kisima. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akikaa kiti cha mbele anakanyaga sakafu pamoja nami, mara tatu, kwa mpangilio uleule, huku akitazama nje kama vile miguu si yake.

Usiniulize habari za handbreki. Katika Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika propela, kwenye dramu iliyo nyuma ya gia boksi. Wazo zuri, ila gia boksi hiyo huvuja oili, na oili inaijua njia ya kwenda kwenye dramu. Hapo unabaki unavuta mkono wa chuma kwa ajili ya mazoezi. Tena ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke, na gari linashuka kwenye jeki likaendelea na safari zake. Ndiyo maana tunatembea na jiwe. Lina nafasi yake nyuma ya kiti, na mpwa wangu ndiye utingo: gari likisimama tu, anaruka nalo kabla halijaghairi.

Kurudi kinyumenyume ndiyo balaa. Breki za mbele za 109 zina silinda mbili kila gurudumu, zimepangwa ili gurudumu likizunguka kwenda mbele, liziburute breki shu zote mbili na kuzidi kuzikandamiza kwenye dramu. Likizunguka kinyume, msaada huo haupo. Gari lililoshindwa kilima linarudi kwa uhuru ambao halikuwa nao wakati wa kupanda. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa. Watu waliniuliza kwa nini sikwenda. Kufika ningefika.

Fundi niliyempata hatimaye alikuwa mtu wa maneno machache. Alikanyaga pedali, akasimama juu yake kwa uzito wote, akasikilizia. Ingekuwa inazama polepole chini ya mguu, alisema, hiyo ni masta. Ikiwa laini, inadunda, ni upepo. Ikipanda kwa kupampu, breki shu ziko mbali na dramu. Letu lilikuwa na mawili ya mwisho. Akaingia uvunguni, akakaza virekebishi vya kila gurudumu mpaka likagoma kuzunguka, akalegeza kidogo mpaka ukasikia mkwaruzo mwembamba tu. Kisha akaniweka kwenye usukani tutoe upepo.

"Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga." Mafuta ya breki yalitoka meusi kama kahawa, yakitema mapovu. Tukaendelea vizuri mpaka gurudumu la mbele kushoto, ambako skrubu ndogo ya kutolea upepo ilifunguka ikakataa kufunga. Skrubu ni ya vipimo vya inchi. Spana zake ni za milimita, kwa sababu mji mzima ni Toyota. Pembe zikalika.

"Mguu hapohapo chini," akasema akifuta mikono. "Usiachie mpaka nirudi. Ukiachia inavuta hewa, tunaanza upya." Akaenda kuazima spana ya inchi.

Ndipo akatokea katibu wa kamati ya harusi, daftari kwapani. Huyu nilikuwa namkwepa hata kanisani. Nilishazoea kutokea mlango wa wanakwaya.

"Shemeji! Leo nimekukuta umetulia."

Nikamweleza habari ya mguu. Akainama, akautazama kwa heshima.

"Usihangaike kushuka. Mguu ndio una kazi. Mikono naiona iko huru, na simu ile pale."

Nikasema nitatoa mchango wa singo. Akaegemea dirisha, akaanza kuniuliza hali ya watoto, mmoja mmoja, kisha ng'ombe. Paja likaanza kutetemeka. Fundi haonekani. Akauliza kama kweli mwenye Land Rover anaweza kuandikwa singo mbele ya ukoo. Nikatuma ya dabo. Alipoona meseji imeingia ndipo akamkumbuka mgonjwa aliyekuwa anakwenda kumwona.

Kesho yake tuliteremka mjini. Pale kwa Mangi nilikanyaga mara moja, pedali ikagoma juu kabisa, gari likasimama kabla ya duka. Mama mkwe alikuwa bado amebakiza mikanyago miwili. Akaimalizia, kisha akanitazama kana kwamba nimemdhulumu. Jioni katibu akapiga simu. Kamati imekaa, imefurahi kusikia gari limepona, na imepitisha kwamba ndilo litakalobeba kreti za soda na maturubai siku ya harusi. Petroli wataiandika kwenye daftari, chini ya jina langu.