Unga wa Shosho

Daktari aliposema kwamba binti yetu mdogo hataonja ngano tena maishani, shosho yake aliuliza swali moja tu: "Sasa mtoto atakula nini katika boma hili?"

Halikuwa swali la bure. Shosho ni mkulima wa Njoro, na Njoro ni ngano. Huko ndiko Lord Delamere alikopanda ngano yake ikaliwa na kutu, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano kimekuwa huko tangu 1927. Katika familia yetu mgeni hupikiwa chapati, mgonjwa huletewa mkate, na mtoto anayelia hutulizwa kwa biskuti. Kumwondolea mtoto ngano kulimaanisha kugusa kila mkono unaompenda.

Ugonjwa wenyewe huitwa seliaki. Kinga ya mwili inapokutana na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, inaugeukia utumbo mdogo na kuushambulia, mpaka vile vinyweleo vinavyofyonza lishe vinalala. Mtoto anakula vizuri na mwili haupati kitu. Tumbo linafura, mikono inakonda, damu inapungua. Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo hupewa dawa ya minyoo, kisha ya amiba, na wetu alizipata zote. Aliyetusaidia ni daktari aliyeagiza kipimo cha damu cha kingamwili, tena akatusihi tusimwachishe mkate kabla ya kupimwa, kwa sababu ukiacha ngano mapema kingamwili hushuka na majibu yanakuwa ya kupotosha. Mzazi anayeshuku ugonjwa huu na alishike hilo kabla ya mengine yote.

Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni chakula. Jambo hilo tunalijua kwa msaada wa Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyewaona wagonjwa wake wakizidiwa kila walipokula mkate na wakipata nafuu ulipoondolewa. Aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1950.

Basi mume wangu akaanza na jikoni. Kibao cha chapati, chungio la unga na miiko ya mbao vikahamia kwa jirani. Tukaketi kusoma vibandiko vya kila tulichozoea kununua, na hapo ndipo nilipoelewa jinsi ngano inavyojificha. Soseji ilikuwa na makombo ya mkate. Sosi ya soya ilitengenezwa kwa ngano. Kinywaji cha unga cha watoto kilikuwa na kimea, na kimea ni shayiri. Viungo vya mchuzi vya pakiti vilikuwa na unga wa ngano wa kuuzitisha. Oti, ambazo zenyewe si ngano, mara nyingi huvunwa na kusagwa pamoja nayo, kwa hiyo nazo zikaachwa.

Mtoto alianza kunawiri. Usiku akalala, mashavu yakajaa. Shosho, aliyekuwa ameumia kuona chakula cha mikono yake kinakataliwa, akafurahi na kumletea mjukuu wake unga wa uji: wimbi, mtama na mahindi ya shambani kwake. Nafaka aliichambua mwenyewe, akaiosha, akaianika juani, akaipeleka kusagwa. Nisingeweza kuwaza chakula salama kuliko hicho.

Tumbo likafura tena.

Tulianza kumtafuta mwizi ndani ya nyumba. Dawa ya meno tuliisoma mpaka herufi za mwisho, haikuwa na neno. Dawa ya kikohozi tukaiulizia kwa mfamasia, maana wanga unaotumika katika baadhi ya dawa waweza kutoka kwenye ngano. Mafuta ya kujipaka yalikuwa na mafuta ya kiini cha ngano. Gluteni haipiti kwenye ngozi nzima, lakini vidole vya mtoto wa umri huo huishia mdomoni, kwa hiyo tukabadilisha. Shuleni, darasa la PP1, tukakuta udongo laini wa kuchezea ambao mwalimu huukanda kwa unga wa ngano, chumvi na rangi. Nilimweleza huku nikiogopa kuonekana msumbufu. Akanijibu, "Mama, nitalikandia darasa zima kwa unga wa mchele, asijione peke yake." Sitamsahau mwalimu yule.

Na bado tumbo halikushuka.

Aliyemwona mwizi ni dada anayetusaidia nyumbani, mzaliwa wa Subukia. Alikuwa akikoroga uji asubuhi akaniuliza, "Mama, huu wa shosho ulisagwa wapi?" Tukampigia shosho. Ulisagwa kwenye posho mill ya pale senta, palepale majirani wanapopeleka ngano yao kusagiwa unga wa chapati za brown. Kinu hicho hakioshwi. Kinapigwapigwa ubavuni unga uliosalia udondoke, kisha debe la mwingine linamiminwa.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu miligramu 20 za gluteni katika kilo moja ya chakula kinachoitwa hakina gluteni. Katika kilo 2 za unga hizo ni miligramu 40, ambazo zinaweza kutoka kwenye chini ya nusu gramu ya unga wa ngano. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuharibu pakiti kadhaa. Kinu cha senta kinabakiza zaidi ya kijiko.

Shosho alisikitika sana. "Nimechambua punje kwa punje," alisema, "na mashine ikanirudisha nyuma." Wiki hiyohiyo alipanda matatu akaja na mashine ya mkono ya kusagia, ile inayofungwa ukingoni mwa meza, mpya ndani ya boksi. Tangu siku hiyo haijawahi kuguswa na punje ya ngano. Wimbi na mahindi tunayatoa shambani kwake, kwa kuwa sokoni gorogoro lililopima ngano sasa hivi ndilo litakalopima wimbi lako. Mengine ni vyakula vyetu vya siku zote: viazi vya Molo, githeri, mukimo wa ndizi na viazi, wali, mayai, maziwa. Vile vipakiti vya bei kali kutoka ng'ambo tunavipita kwenye supamaketi bila uchungu.

Lakini si kila mama ana mkwe mwenye shamba. Wengi hununua unga wa uji wa watoto wa pakiti, ulioandikwa wimbi na mtama kwa maandishi makubwa, na hawana njia ya kujua ni nini kingine kimepita katika mashine ile. Nimeanza kupiga simu za huduma kwa wateja zilizochapwa kwenye pakiti hizo, moja baada ya nyingine, nikiuliza jambo hilohilo: je, mnasaga na ngano humo? Wengine husema watanipigia. Ninachowaomba ni mstari mmoja chini ya orodha ya viungo, wenye jibu.