Jinsi ya Kukosea Vizuri: Mwongozo wa Kutengeneza Tovuti Ukiwa Magunga

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi nyingine. Ni mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa pikipiki, mwenye duka la mitumba au karani wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo. Jioni akishafunga kazi hufungua kompyuta ajifunze kutengeneza tovuti, kwa kuwa jambo lenyewe limemteka moyo. Yuko Magunga, makao makuu ya Suba Kusini, kwenye eneo la milima ya Gwassi. Akiteremka ziwani anafika Nyandiwa, na akifuata ufuo kuelekea kusini anaingia Karungu, kaunti ya Migori. Jirani wa kumuuliza hana, na video anazojifunzia zimetengenezwa na watu wasiojua omena ni nini.

Atakosea, hilo halina mjadala. Ninachomtakia ni akosee mambo yenye faida, kwa mpangilio unaofaa, mbele ya watu watakaomwambia ukweli. Hatua ni saba.

Hatua ya kwanza: Tafuta kazi ndogo yenye mwenyewe

Masomo mengi ya mtandaoni humwanzisha mwanafunzi kwa orodha ya shughuli za siku, au kwa duka la viatu la kubuni. Achana nayo. Duka la kubuni likikosea bei hakuna anayekasirika, na pasipo mtu wa kukasirika hutajifunza haraka. Tengeneza ukurasa mmoja unaoonyesha bei ya omena leo Nyandiwa, basi. Samaki wengine, mbuta na ngege, wasubiri hadi omena ikae sawa. Bei ya omena ikitoka vibaya, kesho yake utaambiwa sokoni.

Wazo lenyewe limejaribiwa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliwahi kuendesha mfumo uliokusanya bei za samaki kwenye fuo za ziwa na kuzituma kwa ujumbe mfupi wa simu, ili mvuvi asiuze kwa kubahatisha. Mfano mwingine wa kuanzia karibu ni wa Januari 2008: nchi ilipokumbwa na ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walishiriki kutengeneza Ushahidi kwa muda wa siku chache, ili wananchi waripoti yaliyotokea pale yalipotokea. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Ilifika mbali kwa sababu ilianza na shida ya watu wa karibu.

Hatua ya pili: Hifadhi kabla hujajipongeza

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma, na stima ikapotea nchi nzima kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika. Katika nchi ambayo mnyama mmoja anaweza kuzima kila kompyuta ya mezani kuanzia Mombasa hadi Magunga, kuhifadhi kazi ni tabia ya kujifunza kabla ya somo lolote.

Tumia Git, programu ambayo Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa Linux. Kila kitu kidogo kinapofanya kazi, kihifadhi na uandike maneno machache ya kueleza ulichofanya: "Bei inaonekana", "Kitufe kimekubali". Usirundike faili zenye majina kama mpya, mpya2 na mpya ya mwisho kabisa, kwa maana ya mwisho kabisa hutaijua siku utakapoihitaji.

Intaneti nayo isikushike mateka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na mtandao ukawa wa kukokota Afrika Mashariki. Siku ukifika kwenye saiba yenye mtandao mzuri, pakua maelezo ya HTML, CSS na JavaScript, lugha za kutengenezea tovuti, uyaweke kwenye mashine yako. Hapo bando likiisha saa tatu usiku, unaendelea kusoma.

Hatua ya tatu: Jumlisha 200 na 50 upate 20050

Kila anayejifunza hupitia hapa, kwa hiyo pitia ukiwa nyumbani. Tengeneza fomu yenye visanduku viwili, kimoja cha bei ya gorogoro moja ya omena na kingine cha pesa za boda boda wa kupandisha mzigo kutoka ufuoni. Andika 200 kwenye cha kwanza na 50 kwenye cha pili, kisha bonyeza kitufe cha jumla. JavaScript itakujibu 20050.

Mashine ni nzima. Chochote kinachoandikwa kwenye kisanduku cha fomu huingia katika programu kikiwa maandishi, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi huyaunganisha badala ya kuyahesabu. Yageuze kwanza yawe nambari kwa Number(), nawe utapata 250.

Lakini usiondoke hapo upesi. Badilisha alama ya kujumlisha uweke ya kutoa: sasa 200 na 50 zinakupa 150 bila shida yoyote. Maandishi hayawezi kutolewa kwenye maandishi, kwa hiyo JavaScript inalazimika kuyageuza kuwa nambari yenyewe. Ukiweza kumweleza mtu kwa nini kutoa kumefaulu pale kujumlisha kuliposhindwa, umeelewa aina za data, na saa ulizotumia hazikupotea.

Nambari za simu ni za ukoo huo huo. Ukizihifadhi kama nambari za hesabu, sifuri ya mwanzo inapotea na mnunuzi hampati muuzaji. Hakuna mtu anayejumlisha nambari za simu wala kuzigawanya. Zihifadhi kama maandishi, sifuri yake ikiwemo.

Hatua ya nne: Mwandikishe Ong'ayo

Hapa watu wa Nyanza wana bahati ambayo mwanafunzi wa London hana: majina yao yenyewe ni mtihani. Vitabu hujaribu hifadhidata kwa jina John, na John hupita bila kuguswa. Wewe andika Ong'ayo, Nyong'o au Ang'awa.

Hifadhidata nyingi hupewa amri kwa lugha ya SQL, na katika SQL maandishi hukaa kati ya ritifaa mbili. Ukiiunganisha amri vipande vipande kwa mkono, inatoka hivi:

INSERT INTO wauzaji (jina) VALUES ('Ong'ayo')

Hifadhidata inasoma Ong, inakutana na ritifaa, inaamini jina limekwisha. Halafu inakuta ayo, haijui ni amri gani, inakataa kazi yote. Muuzaji wako hajaandikishwa, na skrini imejaa maneno mekundu.

Wapo wanaomaliza tatizo hili kwa kuifuta ritifaa, na hilo naomba usilifanye kamwe. Ongayo si jina la mzee huyo. Kwao hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Ng na ng' ni sauti mbili tofauti, na anayeandika ng'ombe anajua. Programu isiyoweza kuandika jina la mtu ndiyo inayopaswa kubadilika, mtu abaki alivyo.

Dawa ni amri iliyotayarishwa. Mahali pa jina unaweka alama ya kuuliza, VALUES (?), kisha unaikabidhi hifadhidata jina lenyewe kando. Tangu hapo haichanganyi tena jina na amri. Na dawa hiyo hiyo inafunga mlango ambao wezi wa mtandao wameutumia miaka mingi: mwizi huandika ritifaa kwenye kisanduku cha jina, akafuatisha amri yake mwenyewe, na tovuti iliyounganishwa vibaya ikaitekeleza. Ukimheshimu Ong'ayo, umelinda data za wote.

Hatua ya tano: Fungua ziwa mwezi wa Aprili

Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Ukurasa wa bei unapaswa kulionyesha hilo. Kwa hiyo unaandika sharti: mwezi ukiwa kati ya 4 na 7, tangaza kwamba uvuvi umefungwa. Unajaribu tarehe ya Aprili, ukurasa kimya. Unajaribu ya Agosti, wakati nyavu zimesharudi majini, ukurasa unapiga marufuku.

Sababu ni kwamba JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri. Januari ni 0, Aprili ni 3, Julai ni 6. Brendan Eich aliitengeneza lugha hii kwa siku 10 mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, na utaratibu wa tarehe akauchukua kutoka Java jinsi ulivyokuwa. Siku za mwezi zenyewe zinaanzia 1. Hakuna mantiki ya kutafuta hapo, kumbuka tu.

Angalia vizuri uzito wa kosa hili. Mtu aliyeamini ukurasa wako mwezi wa Aprili anaweza kunyang'anywa nyavu zake. Ndiyo maana kabla ya kuuweka hadharani unampelekea katibu wa BMU, unabadilisha tarehe mbele yake mwezi baada ya mwezi, naye anathibitisha kila jibu.

Ukishatulia utataka kuongeza mwezi wa angani, na ni wazo zuri. Omena huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazifui dafu, wavuvi wengi hupumzika, na bei sokoni husikia. Utashawishika kuandika kwamba mwezi huzunguka kwa siku 30. Mzunguko wake ni siku 29.53. Tofauti ni kama nusu siku kila mwandamo, na baada ya miandamo 12 ukurasa utakuwa umekosea kwa siku 5 na zaidi. Mvuvi atakugundua kwa kutazama juu tu.

Hatua ya sita: Mpe mama simu, kisha unyamaze

Nenda sokoni kwa mama muuza omena, umwamkie, umnunulie gorogoro moja, halafu umwombe akuangalilie kitu kidogo. Mpe simu yenye ukurasa wako.

"Hii inataka nini, mwanangu?" atakuuliza.

Ulimi utakuwasha kueleza. Ung'ate. Atakapokuwa peke yake hutakuwepo wa kueleza, kwa hiyo tazama kidole chake kinaenda wapi. Kitabonyeza picha ya samaki, kwa sababu ni kubwa kuliko kitufe chako. Picha yenyewe itakuwa bado inafunguka, maana uliiweka kama ilivyotoka kwenye kamera, MB 4, nawe sasa unakula bando la watu. Ipunguze ifike KB 60; samaki ataonekana vile vile.

Ukifika kwenye saa ya mashua kutua, ataandika 12. Yeye amemaanisha alfajiri, programu imesoma adhuhuri. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, za kompyuta huanza usiku wa manane. Mama hajakosea. Ondoa kisanduku hicho umpe maneno ya kuchagua: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni. Na kando ya kila bei uandike kipimo, kwa kuwa bei ya gorogoro na bei ya debe zikikaa bila maelezo zitaleta ugomvi.

Mwishoni ataitoa simu yake mwenyewe, na huenda ikawa kabambe isiyofungua tovuti yoyote. Usikate tamaa, hapo somo limenoga. Jifunze USSD, menyu zile za nyota na reli ambazo kila mwenye kabambe amezizoea. Skrini moja ya USSD haizidi herufi 182. Rangi, picha na vitufe vya duara vyote vinaondoka, inabaki jina la ufuo, kipimo na bei. Ukiweza kuyasema hayo kwa herufi 182, rudi kwenye tovuti yako ukafute yaliyozidi.

Hatua ya saba: Mtafute wa pili

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha watoto wa shule za msingi na sekondari kuandika programu. Mtoto wa Gwassi anayeanza somo hilo atahitaji mtu wa karibu wa kumuuliza kwa nini 200 na 50 zimetoa 20050, na mtu huyo ni wewe. Mketishe kwenye kompyuta, umwachie kibodi, wala usimpokonye hata akikawia. Kosa utakalomrekebishia kabla hajalielewa litamrudia.

Wawili mnaweza kukaguana kazi, na watatu mnaweza kubeba jambo zito kuliko bei ya omena. Programu za hospitali, za karo, za mashamba na za mikopo zinakuja Suba na Migori kwa vyovyote vile, na ndani yake kuna mtu ameamua Ong'ayo ataandikwaje na Aprili ni mwezi wa ngapi. Nataka mtu huyo awe anayeweza kusimamishwa njiani Magunga na kuulizwa kwa nini bei ya leo si sahihi, akajibu, akaenda nyumbani kuirekebisha usiku huo huo.