Jinsi ya Kumiliki Pikapu Mbinga Bila Kuhamia Gereji

Fedha za kahawa zikishalipwa, Mbinga mjini pikapu huanza kubadilisha wenyewe. Aliyeomba lifti mwaka mzima sasa anataka yeye ndiye aombwe, na ni haki yake. Mwongozo huu ni wake. Nitamtania, kwa sababu wenye pikapu wana vituko, lakini hakuna neno hapa la kumpoteza. Kila ninachomwambia afanye, nataka akifanye kweli, maana kuanzia Maguu mpaka Lituhi pikapu ndiyo inayobeba mbolea, usipa, bati, bibi harusi na mgonjwa wa kwenda hospitali ya Litembo.

Anza kwa kuziba masikio. Kijiweni mmoja atakuapia kwamba Toyota haifi, mwingine atakufa na Isuzu yake, na mzee wa pembeni atawakatisha wote kwa habari za Land Rover zilizokuwa zikishuka Mbamba Bay enzi za tope, abiria wakiwa wamekaa juu ya magunia. Waache wabishane. Wewe uliza mambo mawili: ni fundi gani hapa Mbinga ameshaifungua injini hiyo kwa mikono yake, na spea zake ziko duka gani Songea. Kama jibu la kwanza ni "tutajaribu" na la pili ni "Kariakoo", rudisha hela mfukoni. Pikapu inayosubiri nozeli kutoka Dar es Salaam inalala wiki mbili, na usipa hausubiri wiki mbili.

Ipi basi inamfaa nani? Hilux za zamani zenye injini ya 5L zina ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, hazina tabo, hazina kompyuta, na pampu zake za dizeli ni za kimakanika tupu. Mlimani zinapanda polepole, utapitwa na kila mtu, na nasema upitwe tu. Fundi wa kijijini anaielewa, na inavumilia dizeli ambayo gari la kisasa lingeitapika. Hilux Vigo, na Revo iliyoifuata mwaka 2015, zina nguvu zaidi na hunywa kidogo, ila nozeli zake hufanya kazi kwa presha kubwa mno na tundu zake ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Chembe ya uchafu au tone la maji linatosha kuziharibu. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ujazo wa 4,164, ni gari la misioni na serikali. Inadumu, lakini inakunywa, na anayeijazia tenki mara nyingi si yule anayeiendesha. Kwa mtu wa kubeba samaki kati ya Mbamba Bay na Mbinga kwenye lami, ningemshauri Vigo ya 2.5, kwa sharti kwamba dizeli ya madumu ya pembeni ya barabara asiiguse. Kwa anayelala Litembo na kuamka kwenye utelezi wa Machi, 5L ya fowili.

Ukienda kukagua gari, nenda alfajiri bila kupiga simu. Gusa boneti kabla hujaitikia salamu ya pili. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha ili uovu wake wa asubuhi usiuone. Muage kwa heshima, urudi kesho. Ikiwa ya baridi, washa. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga mafuta usikutishe, lakini wa bluu unasema inakula oili, na mweupe usiokoma unasema ama nozeli zinavuja ama maji yanaingia kwenye silinda. Injini ikiwa inazunguka, fungua kifuniko cha kujazia oili: hewa ikitoka kwa kishindo, ikipuliza moshi na kurusha matone, ringi zimechoka. Kisha lala chini. Ndiyo, na hilo shati la kanisani. Pikapu inauzwa juu lakini inafia chini: kwenye chesisi. Tafuta mahali palipochomelewa halafu pakapakwa rangi nyeusi mpya, hasa nyuma ya kabini, pale mzigo unapoikunjia. Chesisi iliyochomelewa pale haijadiliwi bei.

Rangi, rimu, spika na bumpa la mbele havihusiki. Ukitaka kuvisifia, visifie baada ya kulipa.

Taimingi belti ndiyo inayowaliza wengi. Injini za 5L, za Vigo na 1HZ zote zinatumia belti. Ikikatika gari likitembea, valvu hukutana na pistoni, na hapo bei ya belti inageuka kuwa bei ya silinda hedi. Muuzaji akikwambia ilibadilishwa "juzi juzi", mwambie akuonyeshe risiti. Hana? Badilisha siku hiyo hiyo, uandike kilomita kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boneti. Usisubiri taa ya kwenye dashibodi ikukumbushe, maana kwenye magari mengi ya mtumba imeshazimwa.

Sasa tuje kwenye mlima, maana hapa ndipo Mbinga inapotofautiana na Makambako au Dodoma. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kati yao kuna kilomita 66 za barabara ya Mbamba Bay, na sehemu kubwa ya kushuka huko imebanwa kwenye kona zinazofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Zamani, kabla ya lami, tope na mawe vilikulazimisha kwenda taratibu, ukashika gia ndogo utake usitake. Lami imetuondolea mateso hayo, na nashukuru, lakini imetuletea mwendo. Gari lile lile ambalo enzi za tope lilivunjika springi, leo linachoma breki.

Piga hesabu nami. Pikapu pamoja na mzigo ina uzito wa tani 2.8, nayo inashuka mita 800. Kazi hiyo yote ikiachiwa breki peke yake, ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 60 za maji ya baridi, yaani ndoo tatu za lita ishirini. Joto hilo halipotei. Linaingia kwenye pedi, kwenye drami za nyuma na kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huanza kuchemka kwenye digrii 205 hivi, lakini hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hata mwaka, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 140. Yakichemka hutoa mapovu, na povu linabinyika: unakanyaga pedeli, inazama mpaka sakafuni, na mbele yako kuna kona. Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama fundi anakuambia "bado yako safi, bosi". Usafi wa rangi hauonyeshi maji.

Na ushuke kwa gia. Gia ambayo ungeitumia kupandia hapo ndiyo ya kushukia. Iwe ya tatu au ya pili, iweke kabla mteremko haujaanza, injini ilie, na wewe uguse breki kwa mkupuo mfupi kisha uachie zipoe. Kuna madereva wanaoshuka na free, gia nje, mkono mmoja dirishani, eti wanabana mafuta. Wananikera kuliko wote, kwa sababu wanajiua kwa hesabu mbovu. Pikapu ya kisasa ikiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye pedeli, dizeli inakatwa kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka free, injini inabidi ijilishe yenyewe isizime. Yaani bwana mkubwa anayebana mafuta ndiye anayeyachoma, na kule chini amebakiza breki za kuchechemea.

Jambo la pili la mlimani ni mzigo, na hapa lumbesa ndiyo adui. Pikapu nyingi za aina hii zimetengenezwa zibebe tani moja, pengine pungufu. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Magunia kumi ya lumbesa ya kilo 140 ni kilo 1,400, na hapo hujamhesabu mwenye mzigo, mtoto wake na mbuzi. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa kwa ajili ya mkulima. Mimi nawaomba tuikatae kwa ajili ya beringi za nyuma pia.

Mwenye pikapu akiona mkia umekaa chini, anakimbilia kuongeza majani ya springi. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ningependa kila fundi wa Mbinga alibandike ukutani. Hilux nyingi zina valvu ndogo chini ya tumbo, karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono wa chuma ulioungwa na ekseli hiyo. Mzigo ukiongezeka bodi inashuka, mkono unasogea, na valvu inaruhusu breki za nyuma zikamate zaidi. Gari likiwa tupu valvu inazipunguza, magurudumu ya nyuma yasije yakajifunga yakateleza. Ukiongeza majani, bodi haishuki tena. Valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Unashuka na magunia yako kumi ya lumbesa huku breki za nyuma zikifanya kazi ya gari lisilo na kitu, na za mbele zinabeba yote mpaka zinawaka. Umeongeza springi? Mwambie fundi aurekebishe mkono wa valvu hiyo. Ni kazi ya spana mbili na muda wa kunywa chai.

Ukifika Mbamba Bay salama, utalikuta jaribu jingine: vijana watataka kuliingiza gari ziwani waoshe. Maji ya Nyasa ni baridi yasiyo na chumvi, na ni safi kweli, lakini difu na habu zako zimetoka mlimani zikiwa za moto. Chuma cha moto kikizamishwa, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Wiki chache baadaye fundi anafungua nati ya difu na oili inatoka nyeupe, rangi ya maziwa, beringi zikiwa zimeshaanza kulia. Oshea ufukweni kwa ndoo, gari likiwa limepoa. Wabeba samaki nao wamwage maji ya chumvi na barafu kutoka kwenye bodi kila jioni. Ziwa halitaitoboa bodi yako, ila samaki wa chumvi ataitoboa.

Barabara ya ufukweni kuelekea Liuli na Lituhi ina vumbi na mchanga kiangazi, na masika ni habari nyingine. Fowili uiingize kabla hujanasa. Aliyekwama ndipo akakumbuka fowili anachimba kaburi la magurudumu yote manne badala ya mawili. Ukirudi kwenye lami, itoe, maana ekseli za mbele na za nyuma hazizunguki sawasawa kwenye kona, na pasipo utelezi wa kupunguza mvutano, transfa ndiyo inayoumia. Kiangazi iwashe angalau mara moja kwa mwezi kwenye vumbi, isije ikaganda. Eya klina iangalie kila wiki ukiwa unafukuzana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata bado ndefu, mpira umeshazeeka. Tairi la namna hiyo likipasuka kwenye kona za kushuka Nyasa, halikupi muda wa kujuta.

Kupanda kurudi Mbinga ni zamu ya rejeta. Zima eya kondishena, angalia geji ya joto kuliko unavyoangalia simu, na mshale ukipanda, simama pembeni uache injini izunguke bila mzigo mpaka mshale ushuke. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kikiwa cha moto, hata kama abiria wako wote ni mafundi. Kifuniko hicho kinashikilia presha inayoyazuia maji yasichemke mpaka karibu digrii 120; ukikifungua, yote yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Na kilichochakaa kinunuliwe kipya. Kuna watu wameshafungua silinda hedi mara mbili wakati ugonjwa ulikuwa kwenye kifuniko.

Limebaki suala la ndugu. Pikapu ya Mbinga haina mwenyewe mmoja, na sitaki iwe naye. Ila weka utaratibu mapema, kabla ya shemeji kuja na harusi. Gari linatoka na dereva wako. Anayeazima anajaza dizeli kituoni, si kwenye dumu. Watu hawapandi juu ya mzigo, hata waimbe vizuri namna gani, hata msiba uwe wa chifu. Gari la mizigo likipinduka, walio nyuma hawana cha kushika. Sema hivyo kwa upole, na ukisharudia mara tatu hakuna atakayeuliza tena.

Mgonjwa ana utaratibu wake. Kwa ajili yake, usiruhusu tenki lilale chini ya nusu, na kiti cha mbele kisigeuzwe stoo ya jeki na minyororo. Wakija saa nane usiku wakigonga, mlaze au mkalishe kabini, mtu mmoja amshike, wengine wafuate kwa bodaboda. Hesabu ya dizeli mtaifanya akisharudi nyumbani.