Maoni Yenu Tumeyapokea

Mkenya ana bahati: kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali imhimize kushiriki katika utunzaji wa mazingira. Basi huitwa. Kikao cha saa tatu huanza saa sita, mgeni rasmi akishawasili. Dua, utambulisho, salamu za waheshimiwa, halafu mvuvi hupewa dakika mbili: "Kwa ufupi, mzee, muda umetutupa mkono." Kisichochelewa ni karatasi ya mahudhurio. Hiyo hupitishwa mapema pamoja na soda, maana saini ndiyo umma wenyewe.

Lamu waandaaji walipiga hatua zaidi. Watu walikusanywa kuzungumzia mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kabla ripoti ya athari zake haijakamilika. Watoe maoni juu ya nini? Juu ya utambulisho, labda. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira likaifuta leseni ya mtambo huo, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo.

Mkiitwa tena, jamani, soda kunyweni. Ila kabla ya kutia saini, ulizeni ripoti iko wapi.