Winda Dazeni Mbili na Mashine Yenye Maruhani

Mama mkwe alishuka kwenye basi la Tanga na furushi moja tu la maana. Mengine yote, gunia la nazi, mkeka, vikapu vya dawa za mzazi, alimwachia konda ayashushe apendavyo. Furushi lile alilikumbatia mwenyewe mpaka nyumbani kwetu Tabata. Alipolifungua kitandani kwa mwanawe, tukaona nepi 24 za kitambaa, nyeupe pe, alizozikata na kuzipinda mwenyewe kwa cherehani yake kule Pangani. Yeye haziiti nepi. Anaziita winda.

"Mtoto wa watu hafungwi plastiki," alisema, akiutazama mzigo wangu wa pampasi kabatini kama anayetazama kreti la pombe. (Jina lenyewe ni la bidhaa moja ya Marekani iliyoingia sokoni mwaka 1961, lakini sisi tumezibatiza zote, hata zile za kupima na kuuza moja moja pale dukani kwa Mangi.)

Hapo ndipo nilipoponzwa na mdomo. Ubaba ulikuwa mpya, mkwe ni wa kupendezwa, nikajikuta nimetamka maneno ambayo mke wangu mpaka leo huyaiga kwa sauti yangu: "Mama, msihangaike. Za kufua nitafua mimi."

Nyumba ikanyamaza. Shemeji aliyekuwa akimenya vitunguu alisimamisha kisu. Kwao mkwe wa kiume hata akipita karibu na jiko hukohoa kwanza, leo anaomba winda! Mama mkwe alinitazama kidogo, akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tiketi anasubiri mpira uanze.

Mtoto mchanga hana haya wala hana saa. Kwa siku moja alimaliza nepi kumi, akiamkia vizuri kumi na mbili. Kwa hiyo dazeni mbili ni akiba ya siku mbili, na nepi ya Jumatatu lazima iwe imekauka Jumatano. Hesabu nzuri kabisa, kasoro yake ni kwamba binti yangu alizaliwa Aprili, masika yamekolea, jua linachungulia kama mdaiwa. Nilianika kwenye kamba, nikaanua mbio mvua ilipokuja, nikaanika tena, nikaanua. Mwisho nepi zikahamia ndani: kwenye nondo za dirisha, mgongoni mwa friji, kwenye mapanga ya feni. Mgeni akiingia sebuleni alidhani tumetundika bendera za kuomba amani.

Na sikuruhusiwa kumvalisha mtoto nepi yenye unyevu wala isiyopigwa pasi. Mkwe alinieleza bila kuinua macho: kuna nzi anayependa nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, anataga mayai humo, na funza wake huingia ngozini mwa mtoto na kutoa jipu. Dawa yake ni pasi ya moto, pande zote mbili, pamoja na upindo. Ni kweli, nzi huyo yupo, nami tangu siku hiyo kila nzi aliyetua kwenye kamba nilimwona ana mimba.

Halafu kuna maji. Ya bomba yanatujia kwa zamu, siku mbili kwa juma. Siku nyingine ni ya kisima, na visima vya kwetu vina chumvi. Sabuni ya mche unaisugua mpaka inabaki kipande cha kuchezea, povu hakuna. Nepi zikikauka kwa maji hayo zinakuwa ng'onda. Nilisimamisha moja mezani, ikasimama. Nikaona hapana, mwanangu hawezi kufungwa papa mkavu. Nikanunua kilainishi cha nguo, chupa ya waridi yenye picha ya dubu, nikatia vifuniko vitatu palipoandikwa kimoja.

Nepi zikatoka laini, zinanukia kama bi harusi. Siku ya akika nikajitapa. Ami yangu, kanzu yake imepigwa pasi inakata, akampakata mtoto na kuanza kumwombea dua. Alipofika katikati, nikaona uso wake unabadilika, lakini mtu mzima hakati dua. Akaimaliza yote. Aliposimama, kanzu ilikuwa na ramani. Nepi yenyewe ilikuwa kavu! Kilainishi, kumbe, huacha utando wa mafuta kwenye nyuzi; maji yakifika hayaingii, yanateleza kama juu ya jani la myugwa. Nilikuwa nimemvalisha mtoto mwavuli.

Usiku ule nikaamua kununua mashine.

Kariakoo muuzaji alinipokea kwa mikono miwili. "Bosi, ya mlango wa mbele ndiyo habari ya mjini. Inachemsha maji yenyewe, inafua, inasuuza, inakamua mizunguko 1400 kwa dakika. Maji inatumia kidogo kuliko zote. Ile ya kufungulia juu inakula maji. Na hizi za mapipa mawili," akazipungia mkono pale pembeni, "unasimama nazo kutwa kama mlinzi." Nikauliza waranti. Nikauliza kama kilo saba ni za nguo kavu au mbichi, nikajiona mjuzi alipojibu kavu. Yeye hakuniuliza maji yangu yanatoka wapi, nami sikujiuliza. Nikatoa laki tisa, tukaipakia kwenye bajaji ya mizigo.

Ilifika siku ya bomba. Nikaunga mpira, nikaichomeka, sakafu haikuwa sawa, nikachukua kitabu cha maelezo, lugha kumi na moja na Kiswahili hamna, nikakikunja na kukiegemeza chini ya mguu wa nyuma. Ikatulia. Nikatia nepi 18, zilizokwisha kukung'utwa chooni na kusuuzwa, maana sheria ya mkwe ni kwamba mashine haiondoi najisi, inaondoa uchafu tu. Tohara ni ya mtu na kopo lake, mwishoni, maji safi yamiminwe juu. Angekuwa mtoto wa kiume ambaye bado ananyonya tu, mkojo wake ungenyunyiziwa maji basi, ndivyo tulivyofundishwa chuoni sisi wa madhehebu ya Shafii. Mungu akanipa binti, na binti hasameheki.

Daktari mmoja Msweden, Hans Rosling, alipata kusimulia jinsi bibi yake alivyokaa mbele ya mashine ya kwanza ya nyumbani kwao akaitazama mpaka ikamaliza kufua. Mama mkwe naye alivuta kigoda, akakaa. Tofauti ni kwamba bibi wa Rosling alikuwa akistaajabu. Huyu wangu alikuwa akipeleleza.

Kufua kulikwenda vizuri. Ikafika zamu ya kukamua. Mashine ikaguna. Ikatetemeka kidogo, kama mtu aliyesikia ngoma yao inapigwa mtaa wa pili. Kisha ikainuka mguu mmoja, ikatua, ikainuka mwingine, ikaanza kutembea. Nasema kutembea. Ilitoka kwenye kona yake, ikageuka ubavu, ikaelekea mlangoni ikipiga sakafu kishindo ambacho jirani alikuja kuulizia. Mkwe alinyanyuka na kigoda chake.

"Imepandisha!" akasema. "Mwanangu, hii ina maruhani. Chetezo kiko wapi?"

Mie nimeikumbatia, meno yananigongana, namjibu kwa silabi. Ilisonga mpaka waya ukaisha, plagi ikachomoka ukutani, ikafa palepale katikati ya njia, imebana mlango wa choo. Ndani yake maji na nepi 18. Mlango wake haufunguki maji yakiwamo. Ndivyo ulivyoundwa, na ni busara, lakini jaribu kumweleza busara hiyo mtoto aliyelowa. Akiba ikaisha magharibi. Nikapenya chumbani kama mwizi, nikamfunga pampasi. Mkwe aliniona, ila akageukia ukutani akakazana na tasbihi yake, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Fundi alikuja asubuhi, akaizunguka mashine kwa nyuma, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, hizi boliti umezitunza za nini?" Pipa la ndani la mashine za namna ile huning'inia kwenye springi, na kiwandani hulikaza kwa boliti nne lisije likapondekapondeka safarini. Mtu akiiwasha bila kuzitoa, pipa haliwezi kucheza peke yake, basi inacheza mashine nzima. Imeandikwa wapi? Fundi akainama, akakivuta kile kitabu kilichokunjwa, akanionyesha picha ukurasa wa nne. Akafungua na kile kidirisha kidogo cha chini, cha chujio, maji yakatoka, mlango ukaachia. Nepi zilikuwa zimekesha kwenye sabuni. Mkwe akazinusa moja moja.

Nilidhani msiba umekwisha. Keshokutwa yake bomba likakata, tukarudi kwenye tangi, na mashine ikafungua koo, ikasubiri, ikalia pii pii, ikaandika herufi na tarakimu, ikagoma. Fundi akarudi. Safari hii hakucheka, alinitazama kwa huruma. Maji ya tangi husukumwa na kimo chake: mita kumi za kimo ni bar moja. Mnara wangu una mita tatu. "Una sifuri nukta tatu, mzee, na hapo tangi limejaa. Yenyewe inataka zaidi. Labda ujenge ghorofa."

Kabla ya kujenga ghorofa nilijaribu njia ya watu. Unavuta ile droo ya sabuni, unamimina maji kwa kopo, mashine inahisi yamefika kimo, inaendelea. Ukija wakati wa kusuuza unamimina tena. Ikisuuza mara ya pili, tena. Lita hamsini hivi kwa mfuo mmoja, kopo kwa kopo, nimepiga magoti mbele ya mashine ya laki tisa nainywesha kama mgonjwa, huku kipasha maji chake cha wati 2000 kinakula umeme na mita inalia ukutani. Mke wangu akapita, akasimama. "Hiyo ndiyo otomatiki?" akauliza, akaenda zake.

Aliyeniokoa ni kaka yake. Anakaa Ilala, chini kabisa kwenye jengo la ghorofa nne, tangi liko juu ya paa, maji kwake yanashuka kwa hasira. Naye alikuwa na ile ya mapipa mawili, mkewe ameichoka. Tukabadilishana, akaniongezea laki tatu. Yeye mpaka leo anajiona kanidhulumu. Mie pia najiona nimemdhulumu.

Ya mapipa mawili haiulizi bar. Unamwaga ndoo, yenyewe inashukuru. Kwa kufua, tuseme ukweli, si lolote. Ni beseni lenye kisahani kinachozungushazungusha chini. Lakini lile pipa dogo la pili! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote nilikuwa natafuta mashine ya kufulia wakati shida yangu haikuwa kufua. Mikono inafua. Kinachoshinda mikono ni kukamua, na kinachoshinda jua la masika ni nepi ambayo haikukamuliwa. Unazipanga nepi kwa kuzizungusha kando ya pipa, usizirundike upande mmoja, la sivyo linapiga gudugudu, unaweka kile kisahani cha plastiki juu, unafunika, unazungusha kitufe hadi tano. Dakika tano. Maji yanaruka kwenye mpira wa chini kama yamefukuzwa. Ukizitoa, saa mbili chini ya feni zinatosha.

Mama mkwe hakuamini. Siku ya kwanza alikinga kiganja pale kwenye mpira, akayapima maji. Akatoa nepi pipani, akaisokota kwa mikono yake, mikono iliyokama tui miaka hamsini, haikutoka hata tone. Akaisokota tena. Akaishusha.

"Hiki ni kifumbu," akasema taratibu.

Baada ya arobaini akarudi Pangani. Juma moja baadaye akapiga simu, usiku, saa ambayo kwao watu hupigiana kwa msiba tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo? Winda zinakauka?"

"Zinakauka, mama."

"Alhamdulillahi. Hebu niambie, lile pipa la kukamua huuzwa peke yake, bila lile la kufulia?"

Nikadhani kuna jirani kajifungua. Nikamwambia yapo, huwa na kilo tano hivi za nguo.

"Za nguo sitaki. Binti wa shangazi yake mkeo anaolewa mfungo tatu. Nina nazi mia tatu hapa na mikono miwili."

"Mama, machicha yataziba."

"Kwani mie mtoto? Nitayatia kwenye mfuko wa marekani." Akanyamaza kidogo. "Jipya lakini, lisilowahi kuona winda. Na huyo muuzaji mwambie boliti zake azitoe huko huko."