Sifa za Mkweche Ulionunuliwa kwa Ajili ya Spea

Washairi wetu wameusifu mnazi, wamelisifu jahazi, wamewasifu farasi ambao wengi wao hawajawahi kuwapanda. Sijakutana na aliyekaa kitako akalisifu gari lililo juu ya mawe nyuma ya nyumba, vioo vimeingia ukungu, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Naliona jambo hilo kuwa dhuluma.

Hebu tuanze na uraia. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lisilowaka halidaiwi na yeyote. Halijamgonga mtu, halijampita mtu kwenye kona, trafiki hana neno nalo. Wala hakuna jirani anayebisha hodi saa nane usiku kuliazima. Wenye magari mazima mnajua ukubwa wa neema hiyo.

Mkweche ninaousifu hasa ni Peugeot 504, ile ndefu ya viti safu tatu, aliyoinunua baba mkubwa wangu wa Muheza. Alikuwa nayo nyingine ya aina hiyohiyo, nzima, inayotembea, ila ilikuwa imeanza kudai vitu visivyopatikana. Basi akaona anunue ya pili, iliyolala miaka mingi uani kwa mwalimu mstaafu, awe anaichuna taratibu. "Nanunua mzoga," alituambia, "nile maini na figo." Bei ilikuwa ndogo. Katika bei ya kununulia mkweche ni mkweli kabisa. Mengine huyaweka akiba.

Tena msiudharau, una ukoo. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na mwaka 1978 ikaishinda tena mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Kaka yake, 404, alikuwa amekwisha kuishinda 1966 na 1967, na dereva wake Bert Shankland alikuwa mkazi wa hapahapa Tanzania. Na kama mtu anaona haya kuokota gari lililoachwa na wengine, akumbuke kwamba Volvo PV544 iliyompa Joginder Singh ushindi wa 1965 ilikuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia.

Ukoo huo baba mkubwa aliujua kwa ghibu, na ndio uliomponza. Siku aliyokwenda na spana kung'oa mlango wa nyuma alikuta bawaba nzima, kitasa kizima, mpira mzima: mlango bora kuliko minne ya gari lake. Akaona haya. Akaweka spana chini, akafungua boneti "aangalie tu". Mafundi wa nchi hii wamesomesha watoto kwa maneno hayo mawili.

Injini ilikuwa imekamata. Gari likilala muda mrefu, lazima kuna vali iliyobaki wazi; unyevu hupita hapo, ringi za pistoni zikashikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha kuzungusha, unavunja ringi. Fundi akatoa plagi zote nne, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili, akapangusa mikono, akasema, "Mzee, sasa tusubiri." Tusubiri! Baba mkubwa ni mtu asiyengoja chai ipoe. Lakini alingoja. Alfajiri, akitoka msikitini, alipitia kwanza kwa mkweche kuongeza dizeli kabla hajaingia ndani kusalimia. Walimu wa madrasa walijaribu kumtia subira tangu utotoni wakachoka; chuma kilichokwama kilimaliza kazi hiyo bila fimbo.

Krankshafti ilipokubali kusogea, kiasi cha upana wa kidole, nyumba nzima iliitwa kushuhudia. Mama mkubwa akatoka na mwiko mkononi, akatazama injini, akamtazama mumewe.

"Kimesogea nini, baba?"

"Kimesogea!"

Akarudi jikoni.

Silinda moja ilikuwa imeliwa na kutu, na hapa nitaweka mzaha kando kidogo, kwa maana Wafaransa walifanya jambo la akili. Silinda za gari hili ni slivu zinazochomolewa, zimekaa ndani ya bloku huku maji ya kupoza yakizigusa moja kwa moja. Slivu ikiharibika unaisukuma nje, unaweka mpya pamoja na pistoni yake, unapima ikae kwenye kimo chake ili gasketi isije ikaungua. Huhitaji kupeleka bloku mjini ikakerezwe. Ndiyo sababu Peugeot hizi ziliweza kuzeeka mbali sana na kiwanda, chini ya miembe, kwa mafundi wenye jeki moja. Slivu ilipatikana Gerezani, Dar es Salaam, ikaja Muheza kwa basi, imepakatwa.

Baada ya hapo spea zilianza kusafiri kinyume. Kabureta ya mkweche ilikuwa imeziba kwa mabaki ya petroli iliyokauka, ikafungwa ile ya gari zima, kwa muda. Pampu ya maji, kwa muda. Rejeta, kwa muda. Ilipofika zamu ya magurudumu hakuna aliyetaja muda tena, na gari zima, lililokuwa likitupeleka Tanga kila wiki, likapanda juu ya mawe. Ulioletwa uliwe ndio uliokula. Nionyesheni mwanasiasa aliyeingia mahali kwa unyonge namna hiyo akaishia kumiliki kila kitu bila kupiga kampeni.

Na usuluhishi wake je? Jirani aliyekuwa hasemezani na baba mkubwa kwa ajili ya mpaka wa shamba alikuja jioni moja kushika tochi. Mpaka haujaamuliwa hadi leo. Kuhusu nyaya za indiketa walikubaliana.

Sasa unatembea. Unawashwa kwenye mteremko, kwa hiyo vijana wa mtaani wana mazoezi ya kusukuma kila unapokosekana mteremko. Na unachemsha. Safari ya Muheza kwenda Segera ina kituo cha lazima pale Hale, boneti juu, mvuke unapaa, abiria wanamenya machungwa. Mara ya mwisho nilikuwemo. Basi la Dar es Salaam likatupita kwa kasi, likatuachia vumbi, nami nikasema kwa sauti ya chini kwamba wenzetu wale watakula chakula cha mchana mjini. Baba mkubwa alikuwa anafuta boneti kwa kanga kuukuu.

"Mwanangu," akasema, "muulize yule dereva Hale kuna nini. Hajui."